Kigae Chini ya Kifuniko cha Piano

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, na upokee salamu nyingi kutoka kwangu mdogo wako. Naomba barua hii ikufikie kifua kikiwa kimekuachia, na wale mapacha wawe wamemaliza mitihani yao bila kukutoa jasho jingi. Mama mkwe wako msalimie sana, mwambie bado nakumbuka alivyonicheka siku ile kiti kilipovunjika nikiwa nimekikalia mbele ya wageni. Mimi mwili ni mzima. Nakula, natembea, nafua nguo zangu. Mengine utayasoma hapa chini, na nakuomba dada yangu uketi kabla hujaendelea.

Najua umenipigia simu mara nyingi. Nimeona namba yako ikiwaka mezani asubuhi na mchana, nami nimekaa naitazama mpaka inazima. Kisha ukaniandikia ujumbe kwamba kama nimewakasirikia kwa ile aibu aliyonitia shemeji kazini, basi niwasamehe, maana yeye hakukusudia na sasa hata kula hali vizuri. Dada, maneno yale niliyasoma nikayarudia. Wewe unaniomba msamaha mimi! Nilikaa sakafuni nimeegemea kitanda, mpaka jua likahama kutoka dirishani.

Sijawakasirikia. Sipokei simu kwa sababu simu haina faida kwangu tena. Mdogo wako ni kiziwi. Ndiyo, mimi, yule ambaye uliwashonea watu nguo miaka minne ili asomee ufundi wa sauti, yule mliyekuwa mkimtuma nje asikilize kama ni gari la baba linakuja au la jirani. Haya ndiyo maneno ya kwanza niliyotaka kukwambia. Si ya mwisho, na wala si mabaya kuliko yote.

Ilianza miaka mitatu iliyopita kama mlio mwembamba, mfano wa birika linalochemka chumba cha pili. Nikawa nainuka kwenda kuzima jiko ambalo halikuwashwa. Kisha ndege wa asubuhi wakanyamaza, nikadhani wamehama. Kisha maneno ya watu yakaanza kumegeka, mtu akisema "samahani" mimi nasikia "amahani". Sikio la kushoto lilikufa kabisa. La kulia likabaki na sauti nzito tu: lori likipita, mlango ukibamizwa, ngoma. Vyote vyembamba vimekwenda, dada, filimbi, matone ya mvua kwenye bati, sauti za wanao.

Nilikwenda kwa daktari wa masikio, mama mmoja mpole mwenye miwani mikubwa. Alinifungia kwenye kijichumba, akanivisha hedifoni, akaniambia nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Nilibonyeza mara nne, nikatoka nimejawa na matumaini. Akanionyesha karatasi: mlio ulikuwa umelia mara arobaini. Alinieleza taratibu kwamba neva zimekufa, kwamba dawa hakuna, na kwamba kifaa cha kuvaa sikioni kitanisaidia kidogo kwa muda mfupi. Akasema niache kazi ya studio mara moja, labda hicho kilichobaki kitadumu. Nikamshukuru, nikatoka pale, nikaenda moja kwa moja studio.

Utaniuliza kwa nini. Nimejiuliza na mimi. Ile ndiyo kazi pekee ninayoijua, na pale kazini walikuwa wananiita Sikio. Mtu anayeitwa Sikio atawaambia nini watu? Nikapiga moyo konde, nikasema nitasukuma hivyohivyo mwezi mmoja, miwili, mpaka nijue la kufanya. Imekuwa miaka miwili.

Nilijifunza kusoma midomo. Nilijifunza kutazama taa za mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, zikipanda kijani, zikigusa nyekundu, na michoro ya sauti kwenye kompyuta, ambayo kwa mtu aliyeizoea ni kama maandishi. Nikijua sijasikia kitu, nilikuwa nakunja uso nasema, "Rudia, hiyo haijakaa." Wanamuziki wakanichukulia kuwa mtu mkali asiyeridhika ovyo. Mpiga gita mmoja alirudia kipande kimoja mara kumi na moja, na mwisho akanipa mkono akinishukuru kwa kumfundisha subira. Nilicheka peke yangu chooni. Dada, nilicheka mpaka kicheko kikageuka.

Sasa nikueleze kuhusu kigae, maana bila hicho hutaelewa yaliyotupata.

Maiki ya kawaida ina kiburi. Ukiiweka mbele ya ngoma au piano, inapokea sauti mara mbili: ile inayotoka kwenye chombo moja kwa moja, na ile iliyogonga sakafu au ukuta ikarudi. Sauti hizo mbili hazifiki pamoja, kwa hiyo zinagombana, na muziki unasikika kama unatoka ndani ya bomba. Dawa yake ni kuvaa hedifoni, kupiga magoti, na kuisogeza maiki upana wa kidole huku unasikiliza, kisha upana wa kidole tena. Ni kazi ya masikio tupu. Mimi masikio sikuwa nayo.

Lakini kuna maiki bapa. Ni bamba la chuma la ukubwa wa kiganja, jembamba, kichwa chake kimelazwa humohumo. Pale studio tulikuwa nazo mbili, zimekaa kabatini miaka, na sote tuliziita vigae. Kigae hakisimamishwi, kinalazwa juu ya kitu. Kwa kuwa kimelala juu ya uso wenyewe, sauti ile ya moja kwa moja na ile ya kurudi zinakifikia pamoja, hakuna ugomvi. Wewe unakilaza, unaondoka. Kinamsamehe fundi asiyesikia.

Nilianza na kiki, ile ngoma kubwa ya kwenye seti ya dramu inayopigwa kwa pedali ya mguu. Tuna mpiga dramu mmoja mnene, mcheshi, tunamwita Radi. Siku hiyo nilikunja blanketi ndani ya kiki yake, nikalaza kigae juu yake kikiitazama ngozi inayogongwa, nikapitisha waya kwenye tundu. Kisha nikaweka kiganja changu ubavuni mwa ngoma nikamwambia apige. Niliisikia kwa mkono, dada. Ilipanda mpaka kwenye kiwiko, ikaingia kifuani. Radi alipokuja kusikiliza kwenye spika alinikumbatia akaninyanyua juu. Nilisoma midomo yake: alisema hajawahi kuisikia kiki yake ikiwa na nyama namna hiyo.

Habari zikaenea. Bendi zikawa zinakuja zikitaka "ile kiki ya Sikio". Nikajaribu kwenye piano, nikabandika kigae chini ya kifuniko kwa utepe wa gundi, uso wake ukitazama nyuzi. Piano nayo ikatoka pana, nzuri, na ukiteremsha kifuniko, kelele za vyombo vingine zinabaki nje. Bosi akawa anawatembeza wageni akiwaonyesha ubunifu wangu. Ubunifu! Ilikuwa gongo la kipofu lile, nao wakadhani ni fimbo ya mfalme.

Shemeji wakati huo alikuwa anazunguka na kazi yake kama ulivyomzoea: anakuja asubuhi kabla ya watu, anaitoa piano vumbi, anakaza nyuzi moja moja na ule ufunguo wake wenye mpini uliochakaa, kichwa kakiinamisha kama mtu anayesikiliza siri. Miaka sita aliitunza piano ile. Kila mtu studio alijua kwamba mimi ndiye niliyemleta, na mimi nilikuwa najivuna kwa hilo.

Mwezi wa nne akaja Bi Mwalimu. Pengine umewahi kumsikia, alifundisha piano watoto wa mji huu kwa miaka arobaini, na sasa ana umri wa miaka sabini na mbili. Ni mwembamba, anavaa sweta hata kukiwa na joto. Alikuwa na nyimbo kumi na moja alizotunga mwenyewe na hakuwahi kuzirekodi popote. Mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka. Alitueleza bila kuficha kwamba daktari wake amempa miezi michache kabla ya vidole kukataa, na kwamba anataka nyimbo zile zibaki kabla hajazikwa nazo. Alitaka na dramu kwenye nyimbo tatu, tena dramu ya kweli, maana alisema miaka yote wazazi wa wanafunzi wake walimlazimisha kuwa mpole, na yeye si mpole. Radi alimpenda papo hapo.

Tulirekodi siku mbili. Nikalaza kigae kimoja ndani ya kiki, kingine nikakibandika chini ya kifuniko cha piano, kifuniko nikakiteremsha ili kishindo cha Radi kisiingie. Fundi yeyote mwenye akili timamu angeweka na maiki mbili za kawaida pembeni, kwa tahadhari. Bosi mwenyewe aliniuliza. Nilimjibu kigae kinatosha. Ukweli ni kwamba nilijua nikianza kusogeza zile maiki nyingine nitaumbuka, kwa sababu Bi Mwalimu alikuwa amekaa palepale, ananitazama.

Alipiga vizuri, dada. Sikusikia, lakini niliona. Mgongo wake ulinyooka, na ule mtetemeko wa mikono ukawa unamwacha kila alipogusa vitufe, kama mtoto anayenyamaza akipakatwa. Taa zangu zilikuwa kijani muda wote. Jioni ya siku ya pili alininyooshea mikono yake miwili, akaifumbata yangu, akasema kitu kirefu ambacho sikukipata isipokuwa neno la mwisho, "mwanangu".

Baada ya siku tatu akaja na Bosi kusikiliza. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yao. Nilichokiona ni migongo miwili. Wimbo wa kwanza ulipoanza, mgongo wa Bi Mwalimu ulishtuka. Bosi akanyoosha mkono kupunguza sauti, akaongeza, akapunguza. Kisha akanigeukia, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepigwa kofi. Alisema, nami nikamsoma, "Ni nini hicho kinacholia?"

Ndani ya kila wimbo, kila alipogusa vitufe vya katikati, kulikuwa na mlio mwembamba wa chuma, kama nyuki ndani ya mkebe. Radi ndiye aliyenielezea hivyo baadaye. Nyimbo zote kumi na moja. Bi Mwalimu alisikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho, akavaa kofia yake, akatoka.

Bosi alipanga arudi kurekodi upya. Wiki iliyofuata, kabla ya siku aliyopangiwa, Bi Mwalimu akapigwa na kiharusi akiwa bustanini kwake. Mkono wa kulia umelala. Haupigi tena kitu.

Hapo ndipo Bosi alipoitisha kikao. Alikuwa na hasira ya mtu aliyetiwa aibu, na hasira hiyo ilitafuta pa kutua. Alisema mlio kama ule ni wa waya uliolegea, na kazi ya nyuzi ilikuwa ya nani? Shemeji alisimama, ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Alijitetea kwa maneno machache sana, unamjua alivyo, wala hakunitaja mimi. Bosi akanigeukia mimi akauliza kama inawezekana ikawa ni maiki. Nikajibu, "Maiki haiwezi." Maneno mawili, dada. Siku hiyohiyo shemeji akamwaga unga, naye akatoka pale akanipa mkono wa kwaheri kama kawaida.

Nilijiambia kwamba sina uhakika. Nilijiambia kwamba huenda kweli ni waya, nani ajuaye, mimi kiziwi nitajuaje? Nikajificha nyuma ya uziwi wangu huohuo niliokuwa namficha kila mtu. Nikaendelea na kazi, nikawa silali, nikisalimiwa nashtuka. Nilikuwa nawatumia watoto zawadi na ninyi mnanishukuru. Kisha ndipo ukaniandikia ule ujumbe wa pili, uliosema kwamba shemeji amezitia zana zake zote kwenye gunia na kulifunga kwa kamba, kwamba mtu alikuja kumwita akatengeneze piano ya shule akakataa, kwa sababu anasema masikio yake yameharibika. Ukaandika kwamba anakaa uani anagonga glasi kwa kijiko, anasikiliza, anatikisa kichwa, anagonga tena.

Sasa nakwambia, na ukishasoma hapa ukitaka kuichana barua hii nitakuelewa.

Siku ya kwanza ya kurekodi, tulipopumzika baada ya wimbo wa pili, shemeji alinijia kwenye chumba cha mitambo. Alifunga mlango nyuma yake kwa adabu, akasimama mbele yangu penye mwanga, na nilimsoma neno kwa neno. Aliniambia, "Shemeji, kuna kitu kinalia. Si nyuzi zangu. Kinatokea juu, kwenye kifuniko. Hebu tukifungue tuangalie."

Nilimwelewa, dada. Usidhani kwamba sikumwelewa. Lakini kwenda kuangalia maana yake ilikuwa kuinamia piano mbele ya Bi Mwalimu na Radi, na kusikiliza, na kuulizwa je, unasikia, bado kinalia, kimeacha? Ningejibu nini? Radi alikuwa ameingia nyuma yake kuchukua maji. Kwa hiyo nilicheka, nikampiga shemeji bega, nikasema kwa sauti ili Radi asikie, "Wewe angalia nyuzi zako, maiki niachie mimi. Au umeshazeeka masikio?" Radi akacheka. Shemeji naye akacheka kidogo, akainamisha kichwa, akatoka.

Na siku ile Bi Mwalimu alipotoka na kofia yake, nilikwenda peke yangu kwenye piano nikafungua kifuniko. Utepe ulikuwa umebanduka kona moja kwa joto la taa. Ukingo wa kigae ulikuwa umeshuka, unagusa kichwa cha skrubu ya bawaba, na pale vilipogongana rangi ilikuwa imekwanguka, chuma kinang'aa kama pete mpya. Sikuhitaji masikio kuelewa. Nikakibandua, nikausugua mng'ao ule kwa kidole kilichopakwa rangi nyeusi ya viatu mpaka ukafifia. Kisha nikarudi kukaa kwenye kiti changu. Kwa hiyo nilipomwambia Bosi "maiki haiwezi", nilikuwa najua. Nilijua kila kitu, nikamtazama mume wako akivaa kosa langu kama koti.

Ujumbe wako wa glasi na kijiko ulinikuta kituo cha mabasi. Sikurudi nyumbani, nilikwenda kwa Bosi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Unajua alifanya nini? Alinihurumia. Aliniketisha, akasema, "Najua ni shemeji yako, undugu unauma. Lakini usijiharibie jina kwa kumfunika." Nikamwambia mimi ni kiziwi. Akacheka, akasema kiziwi gani anayerekodi kiki kama yako. Dada, nilikuwa nimedanganya vizuri mno, kiasi kwamba ukweli ulipokuja haukupata pa kukaa.

Nikamwambia, "Bosi, nageuka ukutani. Sema chochote unachotaka. Sema kwa nguvu." Nikageuka. Kulikuwa na kalenda mbele yangu, nikawa nasoma tarehe. Nilisoma mwezi mzima. Hakuna kitu, ila ule mlio wangu wa birika. Nilipoona imetosha nikageuka tena, nikamkuta amesimama, mishipa ya shingo imemtoka, mdomo wazi. Alikuwa amelia. Sijui alisema nini muda wote ule, na aliponitazama usoni niliona hatanirudia maneno yale maishani.

Alikaa. Akachukua karatasi akaniandikia, mara yangu ya kwanza kuandikiwa na mtu wa pale, kwamba nikabidhi funguo za chumba cha mitambo, na kwamba atamwandikia shemeji barua ya kumrudisha kazini na kumwomba radhi mbele ya wafanyakazi wote. Nikamwomba aandike pia kwamba ni mimi. Akaandika, akanionyesha. Itawafikia wiki hii, nami nimekimbia ili yangu iwahi, nisije nikawa wa pili tena kusema.

Kutoka pale nilikwenda kwa Bi Mwalimu. Amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, binti yake anamhudumia. Nilikuwa nimeyaandika yote kwenye ukurasa mmoja kwa herufi kubwa. Alisoma kwa muda mrefu, karatasi imelala mapajani, kidole cha kushoto kinafuata mistari. Alipomaliza akainua uso, akasema polepole kwa ule upande wa mdomo uliobaki mzima. Nilimpata kwa shida. Aliuliza, "Huyo fundi alikwambia, na wewe ukamcheka?" Nikatikisa kichwa kukubali. Akaniuliza kama nimekwisha kumwambia mwenyewe. Nikasema bado. Akanyoosha mkono wa kushoto kunionyesha mlango. Binti yake alinisindikiza mpaka getini, hakunipa mkono.

Amefanya haki. Nyimbo kumi na moja za mtu zimekwenda, dada, na hakuna barua inayoweza kuzirudisha. Radi anakaa anajaribu kukumbuka zile tatu alizopiga naye, anasema anazikumbuka mapigo tu. Nikiyafikiria haya navutwa kwenye shimo, na kuna asubuhi ambazo kuvaa viatu ni safari. Sikufichi, hali yangu ni mbaya. Lakini sikukuandikia ili unihurumie, na ukinihurumia kabla hujamsomea shemeji barua hii utakuwa umeniongezea deni la dhambi.

Nakuomba kitu kimoja. Msomee barua yote, usimrukie mahali. Ukifika kwenye ule utani wangu wa masikio kuzeeka, usome mara mbili. Kisha mwambie hivi: masikio yake ni mazima. Alisikia kitu ambacho watu wanne pale studio hawakukisikia, akajua kinatoka wapi, akaja akasema kwa heshima. Hakukosea hata kidogo. Mwambie alifungue lile gunia. Mwambie ile piano ya shule inamsubiri yeye, watoto wale wanapiga vitufe vilivyolegea. Mimi nitakuja mwisho wa mwezi, nitasimama mbele yake na mbele yako na watoto, mseme mnachotaka kusema. Mkinitazama usoni nitawaelewa. Mkinigeuzia mgongo nitaelewa pia.

Wabusu mapacha. Mama mkwe nampa heshima zake zote. Shikamoo tena dada, na shikamoo kwa shemeji, ingawa sijui kama bado ninayo haki ya kumwita hivyo. Mungu awape usingizi ambao mimi niliwaibia.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja,

Kitindamimba wenu